Tunasoma ili tumalize, ndo maana hatubaki na kitu

Kila ikifika mwezi wa kwanza utaona watu wanatangaza malengo ya mwaka, na siku hizi lengo la vitabu halikosekani, mtu anasema mwaka huu nasoma vitabu 52, kila wiki kimoja, anapiga picha rundo lake anaweka status na kikombe cha kahawa pembeni. Sina shida na hilo, bora huyo kuliko anayebeti. Ila subiri mwezi wa tatu umuulize kile cha wiki ya pili ya Januari kilikuwa kinasema nini. Atakwambia "aisee kile kitabu kinafungua akili sana". Kinafungua vipi? Mwandishi anadai nini, anamjibu nani, anatoa ushahidi gani? Hapo kichwa kinaanza kukunwa. Na hadanganyi, kitabu alikisoma kweli, macho yake yalipita kila ukurasa mpaka jalada la nyuma.

Mimi naona tatizo tunalikosea jina. Kila siku tunalia Waafrika hatusomi, ficha hela kwenye kitabu na maneno mengine ya hivyo, wakati wapo wengi tu wanaosoma na hakuna kinachobaki. Sababu ni kwamba tumeamini kuelewa kunatokea wakati macho yapo kwenye karatasi. Kwa sehemu kubwa kunatokea kitabu kikiwa kimefungwa, pale unapojilazimisha kukitoa kichwani bila kuchungulia, na hicho ndo kipande ambacho karibu wote tunakiruka kwasababu hakina raha na hakipigiki picha.

Hili sio wazo la vijiweni, limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Washington University kule St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo maandishi mafupi ya sayansi. Kundi moja likapewa vipindi vinne vya kusoma tu, soma, rudia, rudia, rudia. Kundi lingine likapewa kipindi kimoja cha kusoma halafu vipindi vitatu vya kuandika kila wanachokumbuka kwenye karatasi tupu, bila kuona maandishi. Kwa hesabu yao, ukijumlisha marudio ya ndani ya kila kipindi, wale wa kwanza waliyapitia maandishi wastani wa mara 14, hawa wa pili mara tatu na ushee hivi. Wakapimwa baada ya dakika tano, wasomaji wa kurudia wakashinda, asilimia 83 kwa 71. Ungeishia hapo ungesema basi, kurudia ndo mpango. Wengine wakapimwa baada ya wiki moja na mambo yakageuka kabisa, waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliojikumbusha wenyewe walibaki na 61.

Na kilichonikaa mimi zaidi ya hizo namba ni kwamba waliorudia kusoma ndo waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Yaani wanaosahau zaidi ndo wenye kujiamini zaidi! Ukifikiria ni jambo linaloeleweka, kitu ukikisoma mara ya tatu kinateleza, kila sentensi unaifahamu, unajiona umekishika. Kumbe umekizoea tu, kama unavyozoea sura ya mtu unayekutana nae kituoni kila asubuhi na jina lake hulijui.

Ndo maana wapiga msuli wengi wa chuo wanashangaa kwenye paper. Mtu amekesha na madesa, amepaka rangi ya njano kila mstari mpaka ukurasa mzima umekuwa njano (sasa hapo umehailaiti nini mkuu, si bora ungeacha ulivyo), akiingia chumba cha mtihani anaona kabisa ile kurasa kichwani, anakumbuka hata ilikuwa upande wa kushoto chini, ila maneno yenyewe hayaji. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walikusanya tafiti za mbinu kumi ambazo wanafunzi wanazitumia sana wakazipanga kwa manufaa. Kupaka rangi na kurudia kusoma zikaangukia kundi la chini. Zilizokaa juu ni mbili tu, kujipima mwenyewe na kugawa usomaji kwenye siku tofauti badala ya kubugia usiku mmoja. Kwenye orodha ya chini kulikuwa pia na kuandika muhtasari, na wengi hawapendi kusikia hilo, ila maelezo yao ni ya haki, muhtasari unasaidia kwa anayejua kuuandika na wengi hatukufundishwa, tunanakili sentensi za mwandishi kwa mpangilio mpya tunaita notisi.

Kuhusu kusoma kwa spidi sitachukua muda. Wanaouza kozi za maneno elfu moja kwa dakika wanauza kurukaruka. Keith Rayner na wenzake walipitia ushahidi wa miaka mingi mwaka 2016 na jibu lao ni kwamba ukiongeza mwendo kiasi hicho unapunguza uelewa, hakuna ujanja wa macho unaokwepa hilo. Mtu mzima anayesoma Kiingereza kimya kimya, kitabu kisicho cha hadithi, anaenda kama maneno 238 kwa dakika, ni hesabu ya Marc Brysbaert ya mwaka 2019. Kwa Kiswahili usijipime kwa namba hiyo, sisi "hawatatuambia" ni neno moja na ndani yake kuna sentensi nzima.

Turudi nyumbani sasa, kwasababu ugonjwa huu kwetu una kiwanda chake na kiwanda ni mwongozo. Aliyesoma fasihi sekondari Tanzania au Kenya anajua ninachosema. Riwaya inakuja na kijitabu chake pembeni, dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika na sifa zao, matumizi ya lugha, falsafa ya mwandishi, kila kitu kimepangwa kwa namba. Mwanafunzi anameza mwongozo, riwaya yenyewe hata haifungui, na mtihani anafaulu vizuri tu. Simlaumu. Swali linasema tumia riwaya mbili ulizosoma kuonesha jinsi wasanii walivyoijadili jamii, na mwongozo una hoja sita tayari kwa kila riwaya, kwanini ahangaike? Walimu nao wana silabasi ya kumaliza na darasa la wanafunzi kibao wanaogombania nakala chache. Ila tujue tunachofanya hapo, tunamfundisha mtoto kwa miaka minne kwamba kitabu ni kitu ambacho mtu mwingine anakielewa kwa niaba yako. Akija kukua ananunua vitabu vya kujenga maisha na bado anatafuta muhtasari wa dakika kumi YouTube.

Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Wengi wetu tuliipata kwa mtindo wa mwongozo. Nchi inayoelea angani, kijana anaitwa Karama anashtakiwa na waziri mkuu Majivuno kwa kosa la kutaka kueneza elimu ya sheria, anasimama mbele ya mfalme na kujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali kutafuta mema, wakarudi na walichokipata na badala ya shukrani wakatupwa gerezani. Dhamira, uongozi mbaya, ukosefu wa haki, umuhimu wa elimu, mapambano dhidi ya udikteta. Alama zote umepata. Na ukiulizwa miaka kumi baadae utasema ni kitabu cha viongozi wabaya, ambavyo ndo unavyoweza kusema kuhusu nusu ya riwaya za Kiafrika.

Sasa kifunge kitabu ujiulize swali moja la kijinga: huyu Karama ameshtakiwa yeye, mbona anatumia muda wote huo kusimulia habari za watu wengine? Ungekuwa wewe kizimbani si ungejitetea, ungesema sikufanya, au nimefanya kwa nia njema. Yeye hapana. Anatoa kesi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Kaa na swali hilo kidogo utaona, jamaa anafanya kazi ya wakili! Anarudisha kesi zilizopita mbele ya baraza lilelile lililozihukumu, moja baada ya nyingine, mpaka anayehukumiwa inakuwa ni mahakama yenyewe. Elimu anayoshtakiwa kutaka kuileta ndo hiyohiyo anayoitumia kujiokoa, na Majivuno hana namna ya kumzuia kwasababu ni utetezi halali. Hili mimi sikulikuta kwenye mwongozo wowote niliowahi kushika, na halihitaji digrii kuligundua, linahitaji mtu aache kusoma kwa dakika kumi.

Halafu kuna tabaka lingine ambalo kulifikiria tu hakutoshi, lazima ujue kitu cha nje ya kitabu. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na kwenye mahakama za wenyeji wakili hakuruhusiwa kusimama kumtetea mtu. Mwananchi wa kawaida alikuwa anafika mbele ya liwali au chifu peke yake. (Hata baada ya uhuru mahakama za mwanzo ziliendelea na utaratibu wa kutokuwa na mawakili kwa miaka mingi sana.) Ukilijua hilo ile nchi ya angani inashuka chini mara moja. Kosa la Karama halikuwa la kubuni sana, msomaji wa Tanga wa wakati ule aliyewahi kumsindikiza ndugu yake barazani alikuwa anaelewa vizuri kabisa nini kinaombwa. Na aliyeandika alikuwa karani wa serikali hiyohiyo, kwahiyo pia unaelewa kwanini nchi yenyewe ilibidi ielee angani. Maneno ya kitabu hayajabadilika hata moja ila umesoma kitabu kingine.

Hapa kuna funzo ambalo watu wa "mbinu za kusoma" wanalikwepa kwasababu haliuziki. Mbinu peke yake haifiki mbali, uelewa unategemea sana ulichonacho kichwani kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walichukua wanafunzi 64 wa Marekani, wengine wasomaji wazuri wengine dhaifu, wakawapa habari ya kipande cha mechi ya baseball, halafu wakawaambia waioneshe mechi ilivyoenda kwa kusogeza vijisanamu kwenye uwanja mdogo wa mfano. Watoto dhaifu wa kusoma wanaoujua mchezo waliwaacha mbali wasomaji wazuri wasioujua. Wala hushangai ukifikiria kwetu. Mpe kijana wa Manzese aliyeishia la saba ripoti ya mechi ya Simba na Yanga, mpe na profesa ambaye mpira hajawahi kuangalia, halafu waulize nani alikosea kwenye goli la pili. Kijana atakusomea mpaka yasiyoandikwa.

Maana yake kwa msomaji ni hii, vitabu vitano vya jambo moja vinakupa uelewa mkubwa kuliko vitabu vitano vya mambo matano. Cha kwanza kitakusumbua, utakuwa unapapasa, majina hayashikiki. Cha pili utaanza kukutana na watu unaowajua. Cha tatu utaona mwandishi huyu anambishia yule wa kwanza, na hapo ndo utamu unapoanza kwasababu sasa inabidi wewe useme nani ana haki. Chalenji ya 52 kwa mwaka inavunja hili kabisa, wiki hii pesa, wiki ijayo mapenzi, inayofuata historia ya Warumi, kila Jumatatu unaanza tena kama mgeni.

Na tukiwa tunaongelea ulichonacho kichwani hatuwezi kuruka suala la lugha. Tanzania mtoto wa shule ya serikali anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili halafu akifika kidato cha kwanza anakabidhiwa Biology na History kwa Kiingereza. Nguvu yote ya kichwa inaenda kwenye kujua neno hili maana yake nini, haibaki ya kujiuliza kwanini figo inafanya inavyofanya. Mtoto anachagua njia pekee iliyo wazi, anakariri sentensi nzima kama ilivyo ubaoni. Watu wazima wanamwita mvivu wa kufikiri. Mimi nasema mpe aya hiyohiyo kwa lugha anayoiota usiku ndo umpime. Na ukiwa wewe ni mtu mzima unasoma kitabu kigumu cha Kiingereza, hakuna aibu kukieleza kwa Kiswahili kando ya ukurasa kwa penseli, tena nashauri iwe hivyo, kwasababu huwezi kunakili, lazima uelewe kwanza ndo uandike.

Kuna watu wa kwetu hawajawahi kusubiri watafiti wa St. Louis wawaambie. Nenda pwani, Lamu, Mombasa, Unguja, kwenye darsa baina ya magharibi na isha. Shehe ana kitabu cha Kiarabu, anasoma kipande kidogo, anasimama, anakifafanua kwa Kiswahili, anauliza, wanafunzi wana nakala zao wanaandika tafsiri katikati ya mistari na pembezoni. Kitabu chembamba tu kinaweza kuchukua miezi. Hakuna mtu anayeulizwa umesoma vingapi, anaulizwa umesoma kwa nani na umefika wapi. Na anayefika mbali anapewa ijaza (idhini) ya kukifundisha kitabu hicho, yaani kipimo cha kwamba umekisoma ni kwamba unaweza kukaa mbele ya wengine ukakieleza na ukajibu maswali yao. Ndiyo, mfumo huo una upande wake mgumu, kuna vyuo ambavyo watoto wanakariri tu kwa fimbo na kumbishia mwalimu ni utovu wa adabu, sitaki kuupamba. Ila kwenye hili la kwenda taratibu, kusimama na kueleza kwa mdomo, wapo mbele ya shule zetu.

Suala la simu na PDF nalo linaulizwa sana. Wengi wetu vitabu tunavipata hivyo, mtu anakitupia kwenye grupu la WhatsApp, unakishusha kwa bando la usiku unakisomea kwenye kioo cha inchi sita (haki za mwandishi hiyo ni mada nyingine, na ni kubwa). Uchambuzi wa Pablo Delgado na wenzake wa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 54 na washiriki zaidi ya laki moja na sabini elfu, ulikuta wanaosoma kwenye karatasi wanaelewa zaidi kidogo kuliko wa kwenye skrini, hasa wakiwa na haraka na hasa maandishi ya maelezo. Kwa hadithi tofauti haikuonekana. Kwahiyo riwaya soma tu kwenye simu kwa amani. Kitabu cha uchumi au falsafa kama unaweza kukipata karatasi kipate, hata cha mtumba, vya kuinama Nairobi au vya chini pale Posta, na faida nyingine ya mtumba ni kwamba unaandika ndani bila kuona huruma. Kama huwezi basi soma kwenye simu ila zima data, kwasababu naamini adui mkubwa ni zile meseji zinazodondoka juu ya ukurasa kuliko kioo chenyewe.

Sasa kivitendo inakuwaje kwa mtu mwenye kazi, watoto na foleni ya Mbagala? Usitafute muda mpya, gawa uliopo. Kama una nusu saa kwenye daladala soma dakika ishirini funga, kumi zilizobaki angalia dirishani ukijisimulia. Huyu bwana anasema nini? Amejuaje? Nani angembishia? Ukikwama usifungue haraka, kule kukwama ndo kazi yenyewe, vumilia kidogo ndo uchungulie. Mimi njia ninayoipenda zaidi ya hapo ni voisi, nina rafiki tunasoma kitabu kimoja, kila sura ikiisha mmoja anamtumia mwenzake voisi ya dakika mbili tatu bila kushika kitabu. Utajisikia mwenyewe unavyobabaika, "yaani, sijui, ile nanii", na ule ubabaikaji unakuonesha pale pale ni wapi ulipita bila kuelewa. Rafiki akiuliza swali moja la maana jioni yako imeharibika vizuri, unarudi kwenye sura.

Kurudia kusoma nilikokuponda juu kuna kwake pia, ila sio kurudia papohapo. Rudia baada ya wiki, au mwaka, ukiwa umesoma vingine na umeishi kidogo. Riwaya ulizolishwa shule hasa, zile ulizochukia, jaribu kuzishika ukiwa na miaka thelathini na tano bila mwongozo.

Na sio kila kitabu kinastahili jasho hili, tuelewane. Vingi vya kutajirika haraka vina wazo moja ambalo lingetosha kwenye kurasa nane, zilizobaki ni hadithi za watu waliofanikiwa, hivyo pitia ukitabasamu ukaendelee na shughuli zako. Kitabu kikikuchosha kurasa hamsini na huoni unachokibishia wala unachokijifunza, kiweke chini, hakuna NECTA ya watu wazima itakayokuja kukuuliza. Tenga viwili au vitatu kwa mwaka ambavyo utavisoma kwa mwendo wa darsa, kimoja kiwe cha Kiswahili, na ikifika Januari mtu akakuuliza umesoma vingapi mtajie hivyo viwili halafu muulize ana dakika ngapi.